Mwanya unaozunguka bomba kwenye ukuta wa nje: saruji imepasuka, povu linasagika. Kipi kinadumu?

Kona_ya_Nyuma aliuliza:

Salaam wakuu. Nina matundu matatu kwenye ukuta mmoja wa nje na kila moja limegoma kwa namna yake. Ukuta ni wa bloku zenye uwazi ndani, unene wa 150 mm, na una plasta pande zote mbili.

Tundu la kwanza ni la bomba la PVC la 50 mm linalotoa maji ya sinki. Lilitobolewa kwa nyundo na tindo kwa hiyo si la duara. Upande mmoja wa bomba mwanya ni kama 8 mm, upande wa pili unafika 27 mm. Lilijazwa saruji na mchanga, na baada ya muda mfupi ukatokea ufa mwembamba kama unywele kulizunguka bomba lote. Mvua ikija na upepo, plasta ya ndani chini ya sinki inalowa.

La pili ni la bomba la plastiki la PPR la 25 mm la maji safi. Hili halijawahi kuzibwa, na kinyesi cha panya kinaonekana ndani ya kabati.

La tatu ni la kiyoyozi: mabomba mawili ya shaba yenye sponji nyeusi, waya, na mpira wa kutoa maji, vyote vinapita kwenye tundu la 65 mm. Lilizibwa kwa povu la kopo. Upande unaopigwa na jua povu limekuwa la kahawia na ukiligusa linatoka unga.

Maswali: (1) saruji, povu au silikoni, kipi kiende wapi? (2) Panya wanazuiwa na nini hasa? (3) Vifaa vya kiasi gani? Sitaki kununua katoni zima kwa matundu matatu.

---

TindoNaMwiko alijibu:

Mkuu, kabla ya kuchagua dawa tuangalie kwa nini saruji ilipasuka, maana ukiijaza tena utapata ufa uleule.

PVC inarefuka takriban 0.07 mm kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Sinki ikimwagiwa maji ya moto, bomba lenye urefu wa mita 2 likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60, linasogea kama milimita 5 na nusu. Saruji haisogei. Halafu saruji yenyewe haishiki kwenye PVC nyororo. Inalikumbatia tu, na ikikauka inajikunja kidogo. Kwa hiyo ule ufa wa unywele ulikuwepo tangu wiki ya kwanza, maji ya moto yameupanua tu. Na ufa mwembamba ni mbaya kuliko unavyoonekana, kwa sababu maji hunyonywa humo hata pasipo upepo.

Ukuta wako una kazi tatu kwenye tundu hilo na kila kazi ina kitu chake. Ganda la nje linazuia mvua na lazima linyumbuke. Katikati kunazuia panya na lazima kuwe na chuma. Ndani unazuia hewa, harufu na mende, hapo mahitaji ni madogo. Watu hukosea kwa kutafuta kitu kimoja cha kufanya yote.

Kwa tundu la sinki fanya hivi.

Toa saruji ya zamani kwa tindo nyembamba, ukipiga kutoka ukingo wa ukuta kwenda nje. Usielekeze tindo kwenye bomba, na usitumie grenda hapo. PVC ya 50 mm ina ganda jembamba na mchubuko mmoja unatosha kuipasua baadaye. Ingia kina cha 40 mm kutoka uso wa nje, na vivyo hivyo kwa ndani. Lisugue bomba kwa brashi, kisha pitisha kidole kulizunguka lote. Kama kuna ufa kwenye bomba lenyewe, hiyo ndiyo inayolowesha plasta, na hakuna silanti (dawa ya tyubu ya kuzibia mianya) itakayokusaidia.

Sasa sawazisha tundu. Mwanya wa 8 mm upande huu na 27 mm upande ule hauzibiki vizuri: pembamba silanti itachanika, pana italegea na kushuka kabla haijakauka. Lengo ni mwanya wa 12 mm pande zote. Lizungushie bomba sponji ya 12 mm, ifunge kwa tepu, kisha jaza saruji kati ya sponji na bloku. Upande ule wenye 8 mm itabidi uchonge bloku kidogo. Saruji ikishika, chomoa sponji. Sasa una duara safi la saruji ambalo haligusi bomba popote.

Mchanganyiko ni saruji moja kwa mchanga safi tatu, maji machache: ukiufinya kiganjani ubaki donge bila kutoa maji. Lowesha bloku kwanza, la sivyo itanyonya maji ya mchanganyiko na saruji itabaki unga. Ipigilie kwa kijiti, usiipake kwa mwiko juu juu. Ifunike kwa kitambaa chenye maji siku tatu za kwanza, usiiache jua likaikausha.

Hesabu kwa kuwa uliuliza: kati ya duara la 85 mm na la 74 mm, kwa kina cha 40 mm, ni kama mililita 55 kwa kila upande. Tundu lako limepinda, weka mililita 100. Nusu ya kikombe cha chai kwa upande mmoja. Mtu akikuambia ununue mfuko wa saruji kwa kazi hii, muulize anajenga nini kingine.

---

TindoNaMwiko aliendelea:

Sehemu ya pili, maana ujumbe ulikuwa mrefu.

Bloku zako zina uwazi ndani. Ukijaza tu, vitu vinaangukia humo na panya akiingia kwenye uwazi wa bloku anazunguka ukuta mzima. Kwa hiyo kabla ya ile saruji, pakia wavu wa nyuzi za chuma kisichoshika kutu, au wa shaba, kwa kina cha 30 hadi 50 mm. Usitumie nyuzi za kawaida za kusugulia sufuria upande wa nje. Zitashika kutu baada ya mvua chache, zitaacha michirizi ya kahawia kwenye rangi, na zikiisha tundu liko wazi tena. Upakie kwa bisibisi mpaka usivutike kwa vidole. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye mwanya wa 6 mm na panya mkubwa kwenye 12 mm hivi, kwa hiyo ule mwanya wa 12 mm uliobakiza kuzunguka bomba nao unahitaji wavu nyuma yake. Ukishachomoa sponji, sukuma utepe wa wavu ndani kabla ya kuendelea.

Baada ya wavu inakuja kamba ya sponji, ile ya duara inayouzwa kwa mita. Chagua iliyo nene kuliko mwanya kwa robo hivi: mwanya wa 12 mm, kamba ya 15 mm. Isukume kwa kitu butu (ukitumia bisibisi yenye ncha utaitoboa na itatoa mapovu ya hewa chini ya silanti) mpaka ibaki nafasi ya 6 mm kufika usoni. Kamba ina kazi mbili. Kwanza inaamua kina. Silanti inafanya kazi vizuri ikiwa kina chake ni nusu ya upana, kwa hiyo 12 kwa 6. Pili, silanti haishiki kwenye kamba, inashika bomba na ukuta tu. Ikishika pande tatu haiwezi kunyumbuka, inachanika katikati.

Silanti: kwa PVC na saruji chukua ya poliyurethani au ile chotara inayoitwa MS. Zote zinapakwa rangi na zinashika kwenye saruji. Silikoni inayonuka siki usiitumie hapa. Siki yake inagombana na saruji, na baada ya muda inajibandua upande wa ukuta huku upande wa bomba ikiwa imeshika vizuri, kwa hiyo ukiangalia haraka unadhani iko sawa. Silanti ya akriliki ya ndani ya nyumba nayo isahau kwa nje, inajikunja.

Kiasi: mzingo wa katikati ya mwanya ni kama 195 mm, mara 12, mara 6, ni mililita 14. Ukiongeza ya kupotea sema 20. Tyubu moja ya mililita 300 inatosha matundu yako yote na itabaki nyingi.

---

Pima_Maji alijibu:

Nakubaliana na fundi hapo juu, ila naongeza jambo ambalo watu hulikuta limeshachelewa: mteremko.

Weka pima maji juu ya bomba pale linapopita ukutani. Bomba la sinki kwa kawaida linateremka kwenda nje, hilo liko salama. Bomba la maji safi mara nyingi linatoka juu, linashuka ukutani, kisha linaingia. Maji ya mvua yanatelezea juu ya bomba kama yanavyotelezea kwenye kamba ya kuanikia nguo, moja kwa moja mpaka kwenye silanti, na hapo yanakaa yakisubiri tundu la sindano. Dawa ni pete ya mpira inayobana bomba, iwekwe kama 50 mm kabla ya ukuta. Maji yakifika kwenye pete yanadondoka. Kitu kidogo sana, lakini silanti isiyokaa ndani ya maji inadumu mara nyingi zaidi.

Kama unatoboa tundu jipya, toboa kutoka ndani ukiielekeza drili chini kidogo, iwe imeshuka 4 hadi 5 mm inapotokea nje kwa ukuta wa 150 mm. Tundu lililolala au linaloinamia ndani ni mfereji.

Na umbo la silanti yenyewe: juu ya bomba isiwe na bonde. Ukiilainisha kwa kidole, bonde linatokea lenyewe na linageuka bakuli la maji. Upande wa juu ilainishe kwa kijiko ili iteremke kutoka ukutani kwenda kwenye bomba. Kijiko kichovye kwenye maji yenye sabuni kidogo, lakini sabuni iguse kijiko na uso wa silanti tu. Ukinyunyizia sabuni kwenye mwanya kabla ya kuweka silanti, haitashika.

---

Kona_ya_Nyuma:

Asanteni sana. Sikujua habari ya kamba ya sponji kabisa. Vipi kuhusu PPR? Nimesoma kwamba silikoni haishiki kwenye hiyo. Na je, silanti nisubiri saruji ikauke siku ngapi?

---

FundiBomba alijibu:

Umesoma sawa mkuu. PPR na mabomba ya poliethilini yana uso wenye asili ya nta, karibu silanti zote zinakaa juu yake bila kushika. Ukiipaka leo inaonekana nzuri, kesho kutwa ukiivuta kwa kucha inatoka kama soksi. Msasa unasaidia kidogo tu. Na PPR inarefuka kuliko PVC, takriban 0.15 mm kwa mita kwa nyuzi moja. Kwa bomba la maji baridi si neno, kwa la maji moto ni jambo kubwa.

Kwa hiyo usitegemee gundi, tegemea mbano. Weka ala, ambayo mafundi wengi wanaiita slivu. Kata kipande cha PVC ya 40 mm, urefu uwe unene wa ukuta pamoja na plasta, na uongeze 25 mm za kutokeza nje. Bomba lako la 25 mm lipite ndani yake. Kama bomba halikatiki (limeshaunganishwa na lina maji), ipasue ala kwa urefu wake kwa msumeno, ifungue, ivalishe bomba, kisha uifunge kwa gundi ya PVC na tepu mpaka ishike. Mpasuko uelekee chini kabisa.

Kabla ya kuijengea ukutani, isugue ala kwa msasa mkali kwa nje, ipake gundi ya PVC, na papo hapo inyunyizie mchanga mkavu. Ikikauka ina ngozi ya mchanga na saruji inapata pa kushika. Hii ni kwa ala pekee, maana ala haisogei. Usilifanyie bomba lenyewe.

Kati ya ala na PPR: wavu mwembamba ndani, kisha kamba ya sponji. Kwenye ile 25 mm iliyotokeza nje, valisha kiunganishi cha mpira chenye vibano viwili, upande mkubwa ukibana ala, mdogo ukibana PPR. Kama bomba liko tayari na halikatiki, mpira huo hauvaliki, hapo tumia tepu ya butili, yaani tepu laini ya mpira inayonata. Jaza ngazi kati ya ala na bomba kwa kamba ya sponji ili iwe mteremko, kisha zungusha butili ukianzia kwenye ala kuelekea kwenye bomba, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, mpaka ufike 40 mm juu ya PPR. Butili inashika kwenye plastiki hizi vizuri kuliko silikoni. Juu yake zungusha tepu ya kukinga jua au kifuniko, na PPR iliyo nje ifunike au ipake rangi ya maji, kwa sababu jua linaikausha mpaka inapasuka.

Kuhusu saruji: poliyurethani inatoa mapovu ikiwekwa juu ya saruji yenye unyevu. Subiri wiki mbili angalau, nne ni bora. Ukiwa na haraka tumia saruji maalumu ya ukarabati isiyojikunja, muda wake umeandikwa kwenye mfuko na ni mfupi zaidi. Wakati wa kusubiri, acha ile sponji ya kupimia palepale ili mvua isiingie moja kwa moja.

---

BaridiKavu alijibu:

Naja kwenye kiyoyozi, maana hapo kuna mtego mwingine.

Mara nyingi maji yanayoonekana ndani karibu na tundu la kiyoyozi si mvua. Ni jasho la bomba. Kwa kawaida mabomba yote mawili ya shaba yanapata baridi. Kama sponji nyeusi ya bomba lolote imekatwa ilipofika ukutani, au imebanwa mpaka imekuwa kama karatasi, hewa yenye unyevu inaligusa na maji yanajitengeneza ndani ya ukuta. Ukiziba nje kwa nguvu, unayafungia humo. Kwa hiyo kwanza vuta kifurushi uone kama sponji inapita tundu lote bila kukatika. Kama kuna pengo, valisha kipande kipya, unganisha kwa gundi ya sponji na ufunge kiungo kwa tepu yake.

Pili, mpira wa kutoa maji uwe chini ya kifurushi na usiwe na tumbo. Ukiubana kwa kujaza vitu juu yake, maji yatarudi kwenye mashine na kudondokea kwenye sakafu, na wewe utaendelea kulaumu ukuta.

Kuziba: kwenye tundu la 65 mm lenye kifurushi kama hicho mwanya si wa duara, ni mabonde kati ya vitu vinne. Kamba ya sponji haitakaa. Hapa tumia ile puti ya viyoyozi isiyokauka, inayofanana na udongo wa kufinyanga. Ikande mkononi mpaka iwe laini, itengeneze vijiti vya unene wa kidole, visukume kati ya bomba na bomba kwanza, kisha kuzunguka kifurushi. Mafundi wengi wanaipaka kama kofia kwa nje tu. Ikipata jua inakauka juu na kujibandua nzima kama chungu. Iingie 25 mm ndani ya tundu, nyuma yake kuwe na wavu. Sehemu hii chagua wavu wa chuma kisichoshika kutu, na usiupakie kwa nguvu, ncha zake zitakata sponji.

Nje funika kwa kile kifuniko cha plastiki cha ukutani. Silanti yake ipite juu na pembeni, chini iache wazi. Maji yakipenya nyuma ya kifuniko yapate pa kutokea.

Ukija kuhamisha kiyoyozi au kubadilisha mabomba, puti inatoka kwa mkono. Povu ungelikata kwa kisu pamoja na sponji.

---

Mjenzi_Mdadisi alijibu:

Mnaliponda povu mno. Povu likitumika sawasawa ni zuri, shida ni watu kuliacha uchi. Ndani ya ukuta, penye kivuli, linakaa miaka. Lina faida ya kuingia kwenye mianya isiyofikika.

---

TindoNaMwiko alijibu:

Hatulipondi, tunalipangia kazi. Povu linazuia hewa vizuri sana. Halizuii panya, analitafuna kama mkate. Halizuii maji kwa muda mrefu likikatwa, kwa sababu ukilikata unafungua vitundu vyake. Na jua linalisaga.

Anayelitumia azingatie haya: tikisa kopo nusu dakika, nyunyizia mwanya maji kidogo kwanza maana povu hili linakauka kwa unyevu, kopo liwe kichwa chini, na ujaze theluthi moja hadi nusu tu ya nafasi. Litavimba lenyewe. Ukijaza lote linavimba na kusukuma. Bomba jembamba la plastiki linaweza kupinda na mteremko ukapotea. Likate baada ya saa moja hivi, zama 10 hadi 15 mm ndani ya uso wa ukuta, kisha funika kwa saruji au silanti. Likigusa vifaa kabla ya kukauka, asetoni inalitoa. Ngozini futa mara moja kwa kitambaa kikavu na mafuta ya kupikia. Likishakauka ni kusugua tu, kwa hiyo vaa glovu.

Kwa bloku zenye uwazi kama za muuliza swali povu linapotelea ndani. Unaweza kumaliza kopo na usione linatokea wapi. Ndiyo maana wavu unatangulia.

---

FundiBomba alijibu:

Nitoe tahadhari kabla mtu hajasoma uzi huu na kwenda kuziba kila kitu.

Bomba la gesi lina taratibu zake. Linapita kwenye ala, na utaratibu uliozoeleka ni kuziba kati ya ala na bomba upande wa ndani, upande wa nje ukaachwa wazi, ili gesi ikivuja ndani ya ala itokee nje na isiingie nyumbani. Ukiziba nje na kuacha ndani wazi umegeuza ukuta kuwa bomba la kuleta gesi jikoni. Aguse fundi wa gesi.

Bomba la moshi la hita ya maji ya gesi usilisogelee na povu, sponji wala silanti ya kawaida. Povu linaungua. Hapo panatakiwa kola ya chuma na silanti ya joto kali, kwa nafasi aliyoandika mtengenezaji wa hita.

Na kuna matundu ambayo si ya kuzibwa: bomba la kufurikia la tangi, mdomo wa mpira wa kiyoyozi, na yale matundu madogo ya kutolea maji yaliyoachwa makusudi chini ya kuta za tofali za tabaka mbili. Kama unaogopa wadudu, weka wavu wa matundu madogo mdomoni na uwe unausafisha, basi.

Kwa kuta hizo za tabaka mbili, ziba kila tabaka peke yake, mbele na nyuma. Usijaze uwazi wa katikati, utakuwa daraja la kuvusha maji kutoka tofali la nje kwenda la ndani.

---

Kona_ya_Nyuma:

Hapo kwa gesi mmeniokoa, kuna bomba lingine nilitaka kulimalizia na tyubu iliyobaki. Swali la mwisho: nitajuaje pameziba kabla ya msimu wa mvua?

---

Pima_Maji alijibu:

Anza na mwanga. Usiku mtu awashe tochi kali nje, aiegemeze kwenye tundu, wewe uwe ndani na taa zimezimwa, kabati limefunguliwa. Fanya hivi kabla ya kuweka silanti ya ndani, la sivyo hutaona kitu.

Hewa: siku yenye upepo funga madirisha, washa udi, ushike 20 mm kutoka kwenye kiungo na uzungushe polepole. Moshi ukikatika au ukipinda sehemu moja, hapo pana mwanya.

Maji: silanti inakauka 2 hadi 3 mm kwa siku, kwa hiyo kwa kina cha 6 mm subiri siku tatu kamili. Kisha mpira wa maji bila shinikizo kali, anza 300 mm chini ya tundu, dakika kumi, ndani mtu akiwa na karatasi ya tishu iliyobandikwa chini ya bomba. Tishu ikibaki kavu, panda usawa wa tundu, dakika kumi. Kisha juu yake, kumi nyingine. Ukianza juu moja kwa moja na maji yakaingia, hutajua kama ni kiungo au ni ufa wa plasta ulio nusu mita juu yake. Na ule ufa wa plasta ndio hukutwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

---

Mjenzi_Mdadisi:

Tepu ya karatasi ya kupata ukingo safi inatolewa silanti ikiwa mbichi au ikikauka?

---

TindoNaMwiko:

Mbichi, mara tu ukimaliza kulainisha, na uivute kwa kuirudisha nyuma juu yake yenyewe. Poliyurethani inaanza kujenga ngozi ndani ya saa moja hivi, kwenye joto mapema zaidi. Ukisubiri ngozi ishike, tepu itaondoka na ukingo wa silanti na utaanza upya. Tyubu ikibaki, ingiza msumari mdomoni na uifunge kwa tepu. Utakuta kipande cha mbele kimekauka, ukivute na msumari wake.